Ni Kazi ao Ni Masomo?

Yaya aliingia chumbani kwangu saa tatu usiku, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, akanipa simu yake. "Soma mbio, chaji inaisha." Kwenye kioo kulikuwa na tangazo la Kiingereza la kurasa mbili. Maabara ya chuo kimoja cha Ulaya ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kufanya utafiti wa udaktari juu ya konokono wa maji baridi na minyoo ya kichocho inayokaa ndani yao. Mkataba wa miaka minne, mshahara kila mwezi, mwisho wa kupokea maombi baada ya siku 19.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza hapa Fakalte ya Lugha. Ninyi mnaosoma makala haya mnajua maana yake nyumbani. Mtu akisha kuandikishwa katika Lugha, karatasi zote za ukoo zinakuja kwake: mkataba wa nyumba, barua ya shule ya watoto, karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa, ujumbe wa mjomba aliye Zambia. Ukisema neno fulani hulijui, wanakutazama kama fundi aliyesahau nyundo. Yaya alikuwa amemaliza biolojia, memwari yake ilikuwa ya konokono, na Kiingereza chake cha vitabu vya sayansi kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini tangazo lilidai barua, na barua zilihesabiwa kuwa mambo yangu.

Mama alikuwa sebuleni, anachambua matembele kwa mwanga wa tochi. Nikaanza kumtafsiria: "Chuo kinatangaza nafasi ya udaktari."

"Njo kusema atakuwa munganga?"

"Hapana, Mama. Si udaktari wa kutibu."

"Daktari hatibu, sasa anafanya nini?"

Nilikwama pale pale, kwenye sentensi ya kwanza. Kwetu anayetibu ni munganga ao dokta. Mwenye teze tunamwita profesa hata kama cheo hicho hajakifikia, na aliye njiani tunamwita asistenti mpaka anaota mvi. Ile miaka ya katikati, ya kuitengeneza teze yenyewe, haina jina midomoni mwa watu. Nikakumbuka maneno tuliyokuwa tumefundishwa majuma machache kabla: Watanzania husema shahada ya uzamivu, Wakenya uzamifu. Nikalitoa neno hilo nikitumaini litaokoa heshima yangu.

Mama alizaliwa Kalemie, ni mtoto wa ziwa. Kuzamia anakujua. Alipokuwa msichana aliwaona vijana wakizamia kwenda kuzinasua nyavu zilizokamatwa na mawe. Akauliza: "Anazamia nini?" Nikasema konokono. Akacheka mpaka matembele yakamwanguka mapajani. Kisha akauliza maswali mawili ambayo sijayamaliza hadi leo. La kwanza: "Akisha kuzama, anatoka na nini?" La pili: "Na hii kitu, ni kazi ao ni masomo?"

Nianze na la pili, kwa sababu lina jibu, ingawa si moja.

Kwetu Kongo teze ni jambo mtu analolifanya kando ya kazi. Anateuliwa asistenti, anasimamia mazoezi, anasahihisha karatasi, anapanda kuwa shefu de travo, na teze anaiandika usiku kwa pesa zake. Hakuna aliyemwajiri ili aiandike. Uholanzi na Uswidi ni kinyume: mtu wa teze ni mfanyakazi wa chuo, ana mkataba, ana likizo, anakatwa kodi. Ubelgiji wengi wanapewa burse isiyokatwa kodi. Ujerumani kuna jambo lililonishangaza: katika biolojia mara nyingi mkataba unasema utalipwa nusu ya kazi, ao theluthi mbili, lakini maabarani unakaa siku nzima. Nikamwambia Mama ni kazi na ni masomo pamoja. Akafikiri kidogo. "Basi watamlipa kidogo, kwa sababu ni masomo, na watamchosha sana, kwa sababu ni kazi." Tangu hapo nimesoma kurasa nyingi juu ya mambo haya na sijaona maelezo mafupi kuliko hayo.

Mimi nilisumbuliwa na jingine. Sisi wa Lugha tunachagua mada. Tunalalamika, tunabadilisha, promoteri anakataa, tunarudi na nyingine, lakini mwishowe mada ni ya mtu. Katika biolojia mada imekwisha kuchaguliwa kabla hujafika. Profesa wa maabara ameandika mradi, ameomba pesa kwa serikali yake ao kwa Umoja wa Ulaya, amezipata. Na ndani ya mradi imo sentensi inayosema kwamba mwanafunzi mmoja wa udaktari atafanya sehemu hii na hii. Tangazo linatoka baadaye, kumtafuta mtu wa kuingia ndani ya sentensi hiyo. Si ubaya. Darubini, dawa za maabara, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hivyo havinunuliwi na pesa ya mfukoni. Lakini mwombaji anatakiwa kuandika kwamba sentensi ya mtu mwingine ndiyo ndoto yake tangu utoto.

Kwa Yaya ilikuwa karibu na kweli. Mtaani walimwita Mama Konokono, na si kwa kumheshimu, kwa hiyo nimpe nafasi kidogo hapa. Yai la mnyoo wa kichocho linatoka na mkojo ao kinyesi cha mgonjwa, likifika majini linaanguliwa, na kijidudu kinachotoka kinaogelea kumtafuta konokono. Si konokono yeyote; kila aina ya mnyoo ina konokono wake. Ndani ya konokono kinaongezeka, na baada ya majuma kadhaa, mwanga wa jua ukipiga maji, vinatoka vingine kwa mamia, vyenye mikia iliyogawanyika, kutafuta ngozi ya mtu: mama anayefua, mtoto anayeogelea, mvuvi. Yaya alikuwa anamweka kila konokono katika glasi yake, anazipanga glasi juani, anangoja, halafu anayaangalia maji kwa darubini. Alinifundisha kumtambua Bulinus: ukimshika ncha ya gamba ikiwa juu na tundu likikutazama, tundu liko upande wa kushoto. Biomphalaria yeye ni bapa, kama kamba iliyokunjwa na kulazwa mezani. Hadi leo nikipita penye maji nainama kutazama, na wenzangu wa darasa wanafikiri nimepoteza kitu.

Kila mwezi, kwa miaka miwili, alikwenda mtoni. Daftari saba.

Baba hakuuliza kama ni kazi ao masomo. Aliuliza atarudi lini. Katika akili yake kuna mtafiti mmoja tu duniani, Jean-Jacques Muyembe, kwa sababu ya redio. Muyembe alikwenda Leuven, Ubelgiji, akapata udaktari wa virolojia mwaka 1973, akarudi. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku kwenye ugonjwa usiokuwa na jina, akachukua damu ya wagonjwa bila glavu. Sampuli ya ugonjwa ule ilisafiri kutoka Kinshasa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai, na huko kirusi cha Ebola kikaonekana kwenye darubini. Kwa miaka mingi walioifungua chupa walitajwa zaidi ya yule aliyekwenda Yambuku. Baba anaijua hadithi hiyo yote na mwisho wake pia: dawa ya Ebanga ilianzia katika kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, ikafanyiwa kazi Marekani, ikarudi kujaribiwa kwa wagonjwa mashariki mwa nchi yetu mwaka 2018 na 2019, ikakubaliwa rasmi huko Marekani Desemba 2020. "Damu inakwenda, inarudi," alisema Baba. "Na mtoto wangu?"

Hatukumjibu. Konokono wa Yaya walikuwa wamekwisha kwenda zamani. Walitiwa ndani ya vichupa vya alkoholi wakapelekwa kwenye labo ya wageni, maana hapa hapakuwa na mashine ya kuzisoma jeni zao. Makala ikatoka katika jarida la Kiingereza. Ilikuwa na majina sita juu. La Yaya halikuwamo. Lilikuwa mwishoni, kwenye shukrani, katika sentensi moja na dereva.

Barua yake ya kwanza aliiandika kwa Kifaransa, akanipa niigeuze. Ilianza, nikiiweka katika Kiswahili: nina heshima kubwa ya kuja mbele ya wema wako wa juu. Kulikuwa na aya mbili za namna hiyo kabla hatujamfikia konokono hata mmoja. Niliitafsiri kwa uaminifu wote wa mwaka wa kwanza, neno kwa neno, nikampelekea mwalimu mmoja wa Kiingereza. Aliisoma amesimama. "Hii ni barua ya mtu anayeomba msamaha," alisema. "Amefanya kosa gani?"

Tukaandika upya, mara tano. Kila mara tulikwama kwenye silabi moja, "ni-". Tumelelewa kuandika "tulifanya", "ilifanyika", "konokono walikusanywa". Kiswahili kinamsaidia anayetaka kujificha: unatia herufi moja ndani ya kitenzi, na mtenda anatoweka. Barua waliyoitaka wale wa tangazo ilidai "nilikusanya". Yaya aliona haya. Alisema kuandika vile ni kama kumnyang'anya profesa.

"Nani aliingia mtoni?" nilimwuliza.

"Mimi."

"Basi andika."

Akaandika "nilikusanya", akaliangalia neno hilo muda mrefu, kama mtu anayeangalia picha yake ambayo haikutoka vizuri.

Ikabaki barua ya mapendekezo, ya profesa wake wa zamani. Alimpigia simu. Profesa alimjibu kwa upole: "Andika wewe mwenyewe, uniletee nisaini." Walimu mnaosoma hapa mnaijua desturi hiyo, na wanafunzi pia, kwa hiyo sitajifanya kushangaa. Mwenye madarasa yaliyojaa hadi madirishani, na karatasi za mitihani mpaka jikoni, atafanya nini? Lakini Yaya alikataa kujisifu kwa mdomo wa mtu mwingine. "Andika wewe," aliniambia. "Wewe si mimi."

Ndivyo nilivyokuwa profesa kwa usiku mmoja. Sijapewa zoezi gumu kuliko hilo katika Fakalte hii: kumsifu dada yako kwa sauti ya mtu ambaye humpendi. Niliandika kwamba namjua kwa miaka minne, kweli. Kwamba ni mwaminifu na mvumilivu, kweli. Kisha nikaandika kwamba kwa miaka miwili, kila mwezi, alikusanya konokono, akawatambua na kuhesabu vimelea vyao, peke yake. Nilijua ninafanya nini. Nilikuwa ninamwandikia profesa ungamo, nikitumaini atalisaini bila kusoma.

Alisoma. Alikaa na barua siku mbili. Ilipobaki siku moja Yaya alikwenda kwake, akamkuta uani amevaa sandali, anasahihisha. Profesa akauliza: "Nani ameandika hii?" Yaya akasema, mdogo wangu, yuko Lugha. Profesa akachukua kalamu nyekundu, ile ile ya mitihani, akapiga mstari juu ya neno la Kiingereza lenye maana ya "peke yake", akaandika juu yake "pamoja na wenzake". Yaya akaenda kuchapisha upya, akarudi, profesa akasaini, akagonga muhuri.

"Wenzako gani?" nilifoka. "Dereva?"

"Dereva alinishikia ndoo," alisema Yaya.

Nilikasirika siku nyingi. Yeye hakukasirika, ao hakunionyesha. Aliniambia kitu nisichokijua: profesa huyo alitengeneza teze kwa miaka 17 akiwa asistenti, akijilipia mwenyewe safari za mtoni, na jina lake pia liliwahi kuachwa nje ya makala ya wageni. "Kwa hiyo anatufanyia alichofanyiwa," nilisema. Yaya akajibu: "Amesaini." Hakuongeza neno.

Juma la sita wakaomba kuzungumza naye kwa video. Walikuwa wamebakiza waombaji wanne. Tulikwenda kwa rafiki mwenye duka la kuchapisha karatasi, kwa sababu ana jenereta. Yaya akakaa ndani mbele ya kompyuta. Mimi nje na kidumu cha esansi, kazi yangu ikiwa kuangalia jenereta isizimike. Kwa kelele zile sikusikia ila vipande. Nilisikia "PCR". Kisha kimya. Nikashika kidumu nikidhani mtandao umekatika. Kisha sauti ya Yaya, ya haraka, ndefu.

Walikuwa wamemwuliza ametumia mashine ya PCR mara ngapi. Alijibu: sijaigusa. Halafu, bila kuombwa, akawaeleza inavyofanya kazi: joto kali linatenganisha nyuzi mbili za DNA, joto likishuka vipande vidogo vya kuanzishia vinashika mahali pake, likipanda tena kimeng'enya kinajenga nakala, na mzunguko huo unarudiwa mara 30 ao 35 mpaka kipande kimoja kimekuwa mabilioni. Hayo yote alijifunza kwenye ubao mweusi. Mmoja wao alimwambia wanafunzi wake hawalielezi vizuri hivyo.

Alikuwa wa pili. Nafasi ilikuwa moja.

Barua yao ilikuwa na adabu, na Mama alitaka niitafsiri yote. "Tunasikitika kukujulisha," nilisoma.

"Wanasema pole?"

"Ndiyo."

"Basi waandike pole."

Waliongeza sababu, na kwa hilo nawashukuru, maana wengi hawajibu kabisa: walihitaji mtu aliyekwisha zoea kazi ya maabara. Nafasi alikosa kwa sababu hakuwa ameshika mashine, na mashine hakuishika kwa sababu hakuwa na nafasi. Konokono wake waliiona kabla yake.

Mwaka uliofuata lilikuja tangazo jingine, la nafasi ya uzamivu Morogoro, Tanzania, inayolipwa na mradi. Safari hii hakunipa simu nisome. Barua aliiandika usiku mmoja, na "ni-" katika kila sentensi. Niliikuta imekwisha tumwa. Akachukuliwa. Alipita Kalemie kumwaga babu, akapanda boti hadi Kigoma, kisha gari moshi la Reli ya Kati.

Ujumbe wake wa kwanza haukuwa wa sayansi. "Hapa 'ao' wanaandika 'au', na wananisahihisha." Siku moja nilimpigia akiwa amefungua sauti mbele ya wenzake, nikaita "Yaya!" Wakacheka sana: kwao yaya ni msichana anayelea watoto kwa mshahara. Tangu siku hiyo maabara nzima inamwita Dada. Baada ya miezi mitatu alinitumia picha ya mkono wake wenye glavu juu ya mashine. Chini yake ameandika neno moja: nimeigusa.

Teze anaiandika kwa Kiingereza, lakini vijijini anazungumza Kiswahili, na hapo anaye bado mdogo wake wa Lugha. Ananitumia maneno. "Kimelea" lilikuwepo. Kiumbe kinachokaliwa na kimelea vitabu vinakiita mwenyeji, na konokono ni mwenyeji wa kati. Alilisema hivyo katika mkutano wa kijiji, na mzee mmoja akaomba ruhusa ya kuuliza: ikiwa konokono ndiye mwenyeji, sisi tuliozaliwa hapa ni nani? Nilipomsimulia Mama alisema mzee ana haki. Sasa Yaya anasema "konokono anayemfuga mnyoo", na hakuna anayeuliza tena. Sijui mwalimu wetu wa istilahi atalisemea nini, ila yeye hakuwepo siku ile.

Sasa anamaliza, na swali la kwanza la Mama limerudi, lile la anayezama anatoka na nini. Ukweli ni kwamba katika biolojia wengi hawatoki. Baada ya udaktari kuna post-dok: mkataba wa mwaka mmoja, ao miwili, ao mitatu, katika maabara ya mtu mwingine, mara nyingi katika nchi nyingine, halafu mwingine tena. Si mwanafunzi, na profesa hajawa. "Mtafiti wa baada ya uzamivu" ni maelezo, si jina, na kwa Mama ilinibidi kusema ni mtu aliyezamia akabaki majini. Masharti yake yanahesabiwa kwa kalenda. Burse za post-dok za Umoja wa Ulaya zenye jina la Marie Skłodowska-Curie zinadai usiwe umekaa katika nchi unayoiomba zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyopita, na usiwe umepita miaka 8 ya utafiti tangu upate udaktari. Basi watu wanahama kama ndege, na watoto mgongoni.

Yaya anapenda sana habari za Katalin Karikó, Mhungaria aliyehamia Marekani mwaka 1985 kwa kazi ya namna hii, pamoja na mume na mtoto, pesa zao zikiwa zimeshonwa ndani ya dubu wa kuchezea wa binti yao, kwa kuwa haikuruhusiwa kutoka nazo nchini. Kwa miaka mingi kazi yake juu ya mRNA haikupata pesa, akashushwa cheo, akaendelea. Mwaka 2023 alipewa Nobeli, kwa kazi iliyowezesha chanjo za Kovidi. Yaya ananisimulia hadithi hiyo ili kunitia moyo. Mimi inanitisha. Nawaza wangapi walishona pesa ndani ya dubu, na habari zao hatukuzisikia.

Mwezi uliopita akanitumia tangazo. Post-dok ya miaka miwili, konokono na kichocho, maabara ile ile iliyomweka wa pili. Watu wa konokono si wengi duniani. Zinatakiwa barua tatu za mapendekezo. Mbili zitatoka kwa walimu wake wa Morogoro, ambao wanaandika wenyewe na hawamwonyeshi. Ya tatu anaitaka kwa profesa wetu yule.

Nilimwambia atafute mwingine. Alikataa. Katika kazi mpya anataka kuzitumia daftari saba, kulinganisha konokono wa wakati ule na wa leo, na safari hii jina lake liwe juu. Bila kauli ya profesa hawezi, kwa kuwa kwenye karatasi takwimu zile ni za labo yake. "Na tena," alisema, "yeye ndiye aliyenipa ndoo ya kwanza."

Profesa alimjibu siku ile ile. "Hongera sana, binti yangu. Mwambie yule mdogo wako wa Lugha aandike, nitasaini."

Baba ameuliza atarudi lini. Mama ameuliza tena kama ni kazi. Nimemwambia ndiyo, safari hii ni kazi. "Basi masomo yamekwisha?" Nikasema hayajaisha. Akarudi kwenye sufuria yake.

Nimeiandika jana usiku. Nimezitaja daftari saba. Nimemtaja dereva, kwa sababu ni kweli alikuwepo, kila mwezi, miaka miwili: alibaki ukingoni na ndoo. Na baada ya hapo nimeandika kwamba mtoni aliingia peke yake. Barua inakwenda kwa profesa Jumatatu. Yaya hajaisoma.